Taa ya Kisimani: Maisha ya Lourdusamy Rayappan (1962–2023)

Mwili tulioubeba leo kuuleta Kallimedu, ukiwa umefunikwa shuka nyeupe isiyo na doa, ni wa mtu ambaye kwa miaka thelathini hakuwa na shuka nyeupe hata moja nyumbani kwake. Marehemu Lourdusamy alizaliwa hapa hapa, katika nyumba ya mwisho kabla ya shamba la minazi, tarehe 11 Februari 1962. Ilikuwa sikukuu ya Bikira Maria wa Lurdi, na ndiko lilikotoka jina lake. Alikuwa mtoto wa pili na wa mwisho wa Rayappan, mkulima wa manjano na minazi, na Sandanamary, ambao wote wametangulia mbele za haki. Kaka yake Yagappan wakati huo alikuwa na miaka sita. Mama yao alipenda kusimulia kwamba siku ile Yagappan alitumwa kisimani kuteka maji ya kumwogeshea mtoto. Alirudi na ndoo imejaa hadi ukingoni, hajamwaga tone, akasema, "Haya, mwogesheni mdogo wangu. Lakini msiyamalize, na mimi nina kiu." Marehemu alibatizwa siku ya nane katika kanisa hili ambamo tumetoka kumwombea.

Alianza shule ya msingi ya misheni mwaka 1967, akaendelea na sekondari mjini Kangeyam, akamaliza darasa la kumi mwezi Aprili 1978. Hesabu zilimsumbua. Kemia aliipenda. Lakini somo alilolikumbuka kuliko yote hakulipata darasani. Mama yake alikuwa akifua mavazi ya altare ya parokia, na siku moja mwaka 1973 alimwachia Lourdusamy kazi ya kuloweka kanzu nyeupe ya padre. Naye, ili amalize mapema akacheze, aliitosa katika beseni moja na sari mpya nyekundu ya mama. Kanzu ikatoka na rangi ya waridi. Alikaa kisimani siku mbili akiisugua kwa ndimu, kwa majivu, kwa chokaa, akiianika juani na kuisugua tena. Baba yake alipita akamtazama, akamwambia, "Kuiingiza rangi umeiingiza kwa dakika moja. Kuitoa utaitoa mpaka uote ndevu." Alipoipeleka kwa padre, akilia, padre aliigeuza huku na huku akasema, "Mwanangu, kuna Dominika mbili kwa mwaka ninazoruhusiwa kuvaa waridi. Umeniokoa gharama." Kanisa zima lilicheka habari ile kwa miaka. Marehemu mwenyewe aliisimulia mara nyingi, ila alipofika kwenye mwisho wake hakucheka. Alikuwa akitazama mikono yake.

Mwezi Juni 1981 alipanda basi kwenda Tiruppur kutafuta kazi, akaajiriwa katika kiwanda kidogo cha kutia rangi fulana, kando ya Mto Noyyal. Alianza kwa kubeba vitambaa vilivyolowa. Mwaka 1990 akawa fundi mkuu wa rangi, yule anayechanganya poda na chumvi, anayepima joto na kuamua kitambaa kitoke lini. Alikuwa na jicho ambalo hata mafundi wa viwanda vingine walikuja kuliazima. Mteja akileta kipande cha kitambaa kutoka Ulaya akitaka rangi hiyo hiyo, Lourdusamy alikitazama mlangoni kwenye mwanga wa jua, akafumba macho kidogo, akataja vipimo. Poda alizichanganya kwa mikono mitupu, kama wenzake wote wa siku zile. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na rangi hadi kwenye kiwiko, na rangi yenyewe ilibadilika kila wiki kufuata kazi iliyokuwapo.

Ndivyo alivyokwenda kumposa Arokiamary, tarehe 17 Aprili 1988, akiwa na mkono wa kijani. Nyumba ya bibi harusi ilimpokea kwa vitumbua na kahawa, lakini shangazi wa binti hakuyatoa macho kwenye ule mkono. Mwishowe alishindwa kuvumilia.

"Baba, samahani. Huo mkono ni ugonjwa?"

"Hapana, shangazi. Hiyo ni oda ya Wajerumani."

"Na wiki ijayo?"

"Wiki ijayo ni ya Waitaliano. Itakuwa zambarau."

Arokiamary, aliyekuwa nyuma ya pazia na sinia la kahawa, alicheka hadi vikombe vikagongana, na wazee wakasema basi, binti amekubali. Walifunga ndoa takatifu tarehe 11 Mei mwaka huo huo. Mungu aliwajalia watoto wawili, Jesintha mwaka 1990 na Kanikairaj mwaka 1993. Kwa miaka yote ya ndoa yao Arokiamary alifua nguo za mumewe peke yake, katika beseni lake peke yake, na shuka zote za nyumba ile zilikuwa za rangi ya kahawia.

Kuna jambo ambalo marehemu aliomba lisifichwe siku atakapozikwa. Kiwanda chao kilikuwa na mfereji wa maji machafu uliotoka nyuma ya ukuta na kuingia mtoni, na ufunguo wa koki ya mfereji ule alikaa nao yeye. Mvua iliponyesha na mto kujaa, tajiri wake alimwambia afungue, naye alifungua. Miaka kumi na tisa alifungua. Viwanda vingine mamia navyo vilifungua, na yeye hakujificha nyuma ya hesabu hiyo. Alisema, "Wale wana funguo zao. Huu ulikuwa mfukoni mwangu."

Mto unashuka kutoka Tiruppur hadi huku kwetu. Mwezi Oktoba 1998 Yagappan aliteka maji kisimani, yakatoka mekundu. Aliyatia kwenye chupa, akapanda basi, akafika nyumbani kwa mdogo wake wakati familia imekaa kula wali na mchuzi wa ukwaju. Akaiweka ile chupa katikati ya vyakula.

"Mdogo wangu, wewe ni fundi. Niambie hii ni nini."

Marehemu aliiinua mlangoni kwenye mwanga, kama alivyozoea. Akafumba macho kidogo. Na kabla hajajizuia akasema, "Hii ni yangu. Ni nyekundu ya mwezi wa nane."

Yagappan alicheka, akidhani ni mzaha wa ndugu. Kisha akaona uso wa mdogo wake, akaacha kucheka. Arokiamary alimsogezea kikombe cha maji akisema, "Shemeji, kaa kwanza, kunywa maji." Yagappan akajibu, "Sina kiu." Tangu siku hiyo hakunywa tena maji katika nyumba ya mdogo wake. Alikuja kwa ubatizo, kwa Pasaka, kwa harusi ya Jesintha, akala chakula na kuwabeba watoto mabegani, lakini maji alikuja nayo kwenye chupa yake. Hakugomba. Minazi ilianza kukauka kuanzia juu, mmoja mmoja, na mama yao alipofariki mwaka 2003 maji ya kumwoshea yalinunuliwa kutoka kwenye lori. Ndugu hawa wawili walisimama pamoja kuyapokea kwa ndoo, na hakuna aliyemtazama mwenzake.

Mwaka 2011 mahakama iliamuru viwanda vya rangi vifungwe, na kibarua cha marehemu kikaota nyasi. Alikuwa na miaka arobaini na tisa. Alikaa nyumbani karibu miaka miwili akitengeneza baiskeli za majirani. Kisha, mwezi Machi 2013, chuo kimoja cha sayansi kilitafuta mtu anayeijua mifereji ya zamani ya viwanda, na jirani akamtaja yeye. Mwalimu aliyemhitaji alikuwa mama mmoja mfupi mwenye miwani, Dokta Vaidehi, ambaye yuko nasi hapa leo.

"Nataka uniletee tope," alimwambia.

"Tope la aina gani, Dokta?"

"Lililooza kuliko yote unayoyajua. Lile linalokufanya uzibe pua."

"Dokta, mimi ni mtu wa rangi. Wa choo ni mwingine."

"Lile la rangi ndilo ninalolitaka."

Akamletea ndoo ya tope kutoka nyuma ya kiwanda chake mwenyewe, jiwe la tatu kuanzia kwenye bomba, kina cha kiwiko kimoja. Wiki tatu baadaye Dokta alimwita maabara. Juu ya meza kulikuwa na chombo kilichofungwa pande zote, ndani yake tope na maji mekundu, na waya ukitoka kwenda kwenye taa ndogo ya kijani. Taa ilikuwa ikipepesa.

"Anayewasha nani?" marehemu aliuliza.

"Hao uliowaleta. Ni bakteria. Wamekaa kwenye mfereji wenu miaka yote, wamejifunza kuila rangi. Wakiila wanatoa umeme kidogo. Kwa kuwa humu hawana hewa ya kuupokea, wanaupitishia kwenye kile kitambaa cheusi kilichofumwa kwa nyuzi za makaa, kisha kwenye waya."

"Wanakula rangi?"

"Rangi yako, Bwana Lourdusamy."

Siku hiyo alirudi nyumbani akaketi kizingitini na hakula. Mkewe alipomuuliza ana nini, alimwambia, "Mama Jesintha, mimi nilikuwa namwaga, na Mungu alikuwa ameshaweka chini yangu watu wa kusafisha. Wamekaa pale gizani wananisubiri." Arokiamary akamwambia aende kuungama. Alikwenda. Padre alimpa malipizi ya rozari moja, naye akatoka akisema rozari moja haitoshi.

Alifanya kazi maabara miaka minne, kwanza kama mleta tope, baadaye kama mlezi wa vile vyombo. Aliwaita wale bakteria "vibarua wangu". Alijua nani kashiba na nani ana njaa kwa kutazama tu jinsi taa inavyopepesa. Dokta alipouliza angependa nini kazi ile itakapomalizika, hakuomba chochote ila ndoo mbili za tope lililokwisha kuzoea.

Alikuja nazo Kallimedu mwaka 2017. Pembeni ya kisima cha kaka yake, chini ya mwarobaini, alipanga mitungi tisa ya udongo. Ndani ya kila mtungi aliweka tope na kitambaa cha makaa, akaufunga kwa nta na mpira wa baiskeli hewa isiingie. Maji ya kisima yaliingia polepole kwenye mtungi wa kwanza yakatoka kwenye wa tisa, kisha yakapita kwenye karai la wazi lenye matete. Waya aliupeleka kwenye kile kijumba cha ukutani ambamo mama yao alikuwa ameweka sanamu ya Bikira Maria, Mama wa Afya. Yagappan alikuwa amesimama na mikono nyuma.

"Umeniletea mavi kwenye mitungi, unaniambia ni taa."

"Kaka, wewe uwape tu maji ya kuoshea mchele, kikombe kimoja asubuhi. Mengine niachie."

"Na huo umeme wako utaendesha nini?"

"Utaiwasha ile taa."

"Huo hata nzi hauwezi kumshtua."

Taa iliwaka tarehe 8 Septemba, sikukuu ya Mama wa Afya, wakati wanawake wanaimba litania. Ilikuwa ndogo kama mbegu ya haradali, ikipepesa kila baada ya kitambo miguuni pa sanamu. Wanawake waliacha kuimba. Yagappan alisema kwamba ina kasoro. Lakini watu wa nyumbani kwake wanajua kwamba kila asubuhi, baada ya kumimina maji ya mchele, alikaa pale juu ya jiwe na kuhesabu inavyopepesa, na akienda mjini alimpigia mkewe simu kuuliza kama inaendelea.

Mitungi ilinuka. Watu walipita mbali. Marehemu alikuwa amemweleza Arokiamary kwamba harufu ile ndiyo habari njema: ikinuka, vibarua wako kazini, na siku isiponuka ndiyo siku ya kuogopa. Kaka yake hakumweleza. Siku hizo maneno kati yao yalikuwa ya kupimwa, na la harufu halikupata nafasi.

Baada ya miezi mitano maji ya karai yalitoka meupe. Meupe kabisa, mtu anaona kidole chake ndani. Marehemu aliyaweka kwenye bilauri, akaiinua kwenye mwanga, akafumba macho, na safari hii hakuwa na rangi ya kutaja. Dokta Vaidehi alikuwa ameonya mara nyingi kwamba rangi kutoweka si sawa na sumu kwisha, na kwamba maji yale si ya kunywa. Lakini kabla mtu hajamzuia, Yagappan aliichukua ile bilauri akaonja. Akatema.

"Chumvi," alisema.

Marehemu aliinamisha kichwa. Rangi haishiki kwenye pamba bila chumvi, na yeye aliifungua magunia kwa magunia kila wiki. Ilishuka na mto pamoja na rangi. Bakteria hawali chumvi. Hilo alilijua siku nyingi, tangu maabara, na alikosa ujasiri wa kulisema. "Chumvi nayo ni yangu, kaka," alisema. Yagappan akatoa chupa yake mfukoni akasukutua mdomo. Minazi haikurudi. Marehemu alikuja kila Jumamosi kwa miaka sita kuwatunza vibarua wake, akijua mwisho wa uwezo wao, na alipoulizwa kwa nini haachi, alijibu, "Wao wanafanya wanachokiweza. Na mimi nifanye nini kingine?"

Mwezi Agosti 2021 aliona damu kwenye mkojo. Alisema ni viazisukari vyekundu alivyokula, akaendelea kusema hivyo hadi Novemba. Walipomfikisha hospitali mjini Coimbatore ilionekana ana uvimbe kwenye kibofu. Daktari alimuuliza, "Ulifanya kazi gani?" Akajibu, "Rangi." Daktari aliandika bila kuinua kichwa, na hakuuliza swali jingine. Alifanyiwa upasuaji mara mbili. Mkewe na binti yake walikwenda kuhiji kwa Mama wa Afya, Velankanni, kwa miguu, siku kumi na moja. Kanikairaj alinyoa nywele kwa nadhiri. Parokia ilifanya novena tatu, na Yagappan alifunga kila Ijumaa kwa mwaka mzima, yeye anayependa kula. Tulifanya kila tulilojua kulifanya, na ugonjwa uliendelea na njia yake kana kwamba hatukuwapo.

Alilazwa kwa mara ya mwisho tarehe 9 Oktoba mwaka huu. Jambo la kwanza kila asubuhi, kabla ya dawa, kabla ya chai, lilikuwa swali lile lile: "Taa inawaka?" Na familia ilijibu inawaka.

Lakini kuanzia wiki ya pili haikuwa ikiwaka. Haya yanayofuata Yagappan mwenyewe ameomba yasomwe mbele ya watu na yachapwe kama yalivyo.

Tarehe 18 Oktoba mvua zilianza. Kama kila mwaka mvua zikianza, kijiji kiligawa dawa ya maji, ule unga mweupe wa kuua vijidudu, kila mwenye kisima apate pakiti yake. Yagappan alitia kisimani. Kisha akaiangalia mitungi. Mdogo wake yuko kitandani, hakuna wa kuitunza, na inanuka kuliko siku zote. Alihofia isije ikaharibika mikononi mwake. Akaifungua yote tisa, akaisugua midomo kwa makumbi ya nazi, akatia kijiko kimoja cha dawa katika kila mtungi, na vifuniko akaviacha wazi vibarua wapate hewa. Alifanya kazi ile kuanzia asubuhi hadi adhuhuri, na mgongo wake ni mbovu. Kesho yake harufu ilikuwa imekwisha na taa imezimika. Alidhani ni waya.

Kanikairaj alipokwenda kuangalia alielewa, akamwambia mama yake, na wote wawili wakashindwa kusema popote, si kwa mgonjwa wala kwa mzee.

Tarehe 2 Novemba, siku ya Marehemu Wote, Yagappan alitoka makaburini akapanda basi kwenda kumwona mdogo wake.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina. Kaa hapa, kaka, hapo kuna jua. Taa inawaka?"

Yagappan alikuwa ameshafundishwa la kujibu. "Inawaka."

"Na harufu?"

Hapo uso wa mzee ulichangamka, maana alidhani ana habari njema ya kweli. "Ah, harufu imekwisha kabisa! Sasa mtu anaweza hata kulia chakula pale. Nimewasafisha vizuri. Ulipokuwa hupo nikasema, nani atawaangalia? Nimewawekea dawa, kijiko kijiko, na hewa nikawapa."

Arokiamary alishika chuma cha kitanda. Marehemu aligeuza kichwa. Alitazama dirishani muda mrefu, kisha akautazama mgongo wa kaka yake ulivyopinda.

"Umechoka sana, kaka," alisema. "Umefanya vizuri."

"Aa, kazi gani ile."

"Wale wamezeeka lakini. Wanahitaji wenzao. Ukirudi, pitia nyuma ya kiwanda chetu cha zamani, jiwe la tatu kutoka kwenye bomba. Chimba kiwiko kimoja. Jaza ndoo. Wakishaingia, funga. Funga kabisa, hata hewa isipite. Hawa wanapenda kufungiwa."

"Kumbe."

"Nilipaswa kukwambia zamani. Kosa ni langu. Nipe maji."

Yagappan alimimina maji kwenye kikombe cha mgonjwa, akamwinua kichwa, akamnywesha mafunda mawili. Marehemu akakisukuma kikombe taratibu kumrudishia.

"Kunywa na wewe. Umetoka mbali."

Chupa ya Yagappan ilikuwa ndani ya mfuko wake, juu ya goti. Aliutazama ule mfuko. Kisha akakinywa kikombe chote, akakigeuza kuonyesha kimekwisha.

"Maji ya hapa matamu," alisema.

"Ndiyo. Matamu."

Kesho yake alikwenda Tiruppur na ndoo. Pale kilipokuwa kiwanda sasa pana ukumbi wa harusi, na mfereji umefunikwa kwa zege. Mlinzi alimuuliza, "Mzee, umealikwa?" Akajibu, "Hapana, mwanangu. Natafuta tope." Mlinzi alimtazama juu hadi chini, akamwonea huruma, wakasaidiana kuinua kipande cha zege kilichopasuka. Walipata nusu ndoo. Kama ni lile tope au ni tope tu, hakuna anayejua. Akiwa kituo cha basi, ndoo iko mapajani, alimpigia simu Dokta Vaidehi kuuliza achanganye vipi, akamsimulia na habari ya usafi wake. Dokta hakuwa na jinsi ila kumwambia ukweli: ile dawa inaua, na hewa inamalizia. Mabasi matatu yalipita hajapanda.

Alipothubutu kurudi hospitali kuomba msamaha ilikuwa tarehe 20 Novemba, na mdogo wake hakuweza tena kusema. Yagappan alimshika ule mkono wa kushoto. Hata baada ya miaka kumi na miwili bila kugusa rangi, kucha zake zilikuwa na ukingo wa bluu. Marehemu alipokea Mpako wa Wagonjwa siku iliyofuata, na tarehe 22 Novemba 2023, saa kumi na dakika arobaini jioni, Lourdusamy aliiaga dunia, mkewe akiwa kichwani pake na kaka yake miguuni.

Mitungi ina tope jipya kwa siku ya ishirini leo. Yagappan anawapa maji ya mchele kila asubuhi. Dokta anasema yawezekana mwezi mmoja, yawezekana miwili, yawezekana wasiamke. Leo kabla gari la mwili halijafika alipiga magoti pale chini ya mwarobaini, akaweka pua kwenye kifuniko cha kila mtungi, wa kwanza hadi wa tisa. Hawanuki. Taa ya Mama wa Afya haijawaka.

Marehemu ameacha mke, Arokiamary, binti, Jesintha, na mumewe Selvanathan, mwana, Kanikairaj, wajukuu wawili, Filomina na Sahayam, kaka, Yagappan, na shemeji, Mariapushpam. Ameacha pia tope nusu ndoo, ambalo Mungu peke yake ndiye anayejua lina nini ndani.

Familia inawashukuru padre na wanaparokia, Dokta Vaidehi, wauguzi, na yule mlinzi wa ukumbi wa harusi ambaye hatukupata jina lake. Baada ya mazishi kuna chakula nyumbani kwa Yagappan. Maji yameletwa na lori na yanatosha wote. Watakaopita kisimani tunawaomba, kwa upendo, wasifungue vifuniko.

Ee Bwana, mpumzishe kwa amani mtumishi wako Lourdusamy, na mwanga usiotegemea mikono yetu umwangazie.